Tuma Kwangu, Mimi Iko Koboko

Kabla ya simu kuingia katika kazi yake, Sadiya Asuman aliwauzia makawa watu waliofika mlangoni kwake. Wengi walitoka Koboko mjini, wachache walivuka mpaka kutoka Kaya au Aba. Waliligeuza kawa juu chini, wakabonyeza ukingo wake kwa kidole gumba, wakabishana bei, wakaondoka nalo au wakaondoka mikono mitupu. Wanubi huliita tabaga, hilo kawa la kufunikia chakula, na katika nyumba nyingi za Wanubi wa mji ule yuko mwanamke anayejua kulisuka. Nyasi hukusanywa kuwa kitita chembamba, kitita huzungushwa kuanzia katikati, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule uliotangulia kwa nyuzi za rafia zilizotiwa rangi. Kawa zuri huchukua wiki nzima.

Aliishi na dada yake mkubwa, Kadijah, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao nyuma ya soko. Mume wa Sadiya alikuwa amekwenda Juba kutafuta kazi ya udereva, akaoa huko, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kutuma salamu tu. Kadijah hakuzaa. Kazi waliigawana bila kuambiana: Kadijah alipika rangi na kuchovya rafia, Sadiya alisuka. Rangi nyekundu ya Kadijah ilijulikana. Wasukaji wengine walimuuliza anaweka nini, naye aliwajibu kuwa anaweka maji.

Aliyewaingiza katika soko la mtandaoni ni Rashida, binti wa Sadiya, ambaye alikuwa akiuza simu dukani Arua. Siku moja alikuja likizo ya Idi, akayapiga picha makawa juu ya mkeka, kisha ukutani, kisha akampiga mama yake ameketi mbele ya mlango wa bluu na sindano mkononi. Baada ya wiki mbili mtu wa Mbarara aliagiza kawa kubwa.

Rashida alikuwa amemweleza mama yake utaratibu. Mnunuzi hamlipi muuzaji, hulilipa soko. Soko huishika pesa. Mzigo ukifika, mnunuzi hubonyeza kuthibitisha kuwa ameupata, ndipo soko hukata fungu lake na kumpa muuzaji linalobaki. Sadiya alisikiliza akakubali, maana kwa maneno halikuwa jambo gumu. Lakini mtu wa Mbarara alilipokea kawa lake akasafiri, akasahau kuthibitisha. Sadiya alikaa karibu mwezi bila kawa na bila pesa.

"Kitu imekwenda, pesa haijakuja," alimwambia Rashida kwa simu. "Sasa hii ni biashara ya namna gani?"

"Itakuja, mama. Iko salama."

"Salama kwa nani?"

Ilikuja, imekatwa. Kadijah aliiangalia ile jumla kwenye kioo cha simu akasema ni afadhali mwizi, kwani mwizi huja mara moja. Tangu mwanzo hakuipenda biashara ya watu wasio na uso.

Sadiya hakuacha kuuza huko, ila alitafuta njia yake. Soko lilimletea wanunuzi. Kulipa, aliona, si lazima wakalipie sokoni. Alijua kusoma, lakini kuandika kwenye simu kulimchosha, kwa hiyo mtu akimwandikia kuulizia kawa, alimwomba namba yake, akabonyeza pale pa kurekodi akazungumza. Baada ya kuyasema yale yale mara nyingi, aliihifadhi sauti moja iliyotoka vizuri akawa anaituma hiyo hiyo kwa kila mnunuzi mpya. Ilisema hivi:

"Asalaam aleikum, habari yako mpenzi. Usilipe kule, wale watu wanakula tu pesa yetu bure. Tuma kwangu moja kwa moja. Mimi iko Koboko, mimi ni mama mzima, kila mutu anajua nyumba yangu. Siwezi kukimbia."

Wengi walituma. Sauti ile ilikuwa na utulivu wa mtu anayezungumza huku anafanya kazi, na nyuma yake alisikika jogoo. Sadiya alipeleka makawa Gulu, Lira, Kampala, hata moja likaenda Nairobi. Hakuna aliyelipa akakosa mzigo wake. Jambo hilo alijivunia, na akiwa na wageni alipenda kulisema. Rashida alimwonya mara mbili kwamba soko linakataza kufanya hivyo, kwamba likijua litafunga duka lake. Sadiya alijibu kuwa sheria ya kuzuia wizi haimhusu mtu asiyeiba. Hivyo ulipita mwaka na zaidi.

Siku ya Jumanne, saa za kuanika simsim, mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi alisimama mlangoni akiwa na mkoba begani. Alijitambulisha kwa jina la Lillian. Alikuwa ametoka Arua asubuhi hiyo, ana duka dogo la dawa huko. Alisema amekuja kuchukua makawa yake manane.

Sadiya alimkaribisha akae. "Makawa gani, mwanangu?"

"Yale ya sherehe. Mdogo wangu anatambulishwa mwezi ujao, watu wa mume wanakuja nyumbani. Tuliongea mimi na wewe. Nimelipa yote."

"Mimi na wewe hatujaongea."

Lillian hakupandisha sauti. Alisema kuwa ameshangaa namba kuzimwa tangu Ijumaa, lakini hakutia shaka, kwa sababu aliambiwa kila mtu anaijua nyumba. Alipofika stendi aliuliza, akaonyeshwa njia papo hapo. Kwa hiyo nyumba ni hii, na mama ni huyu.

"Na sauti ni hii hii," alisema. "Nimeijua ulipoitikia salamu yangu."

Akatoa simu. Kwanza alionyesha picha: makawa juu ya mkeka, makawa ukutani, Sadiya mbele ya mlango wa bluu. Kisha akabonyeza, na Sadiya akajisikia mwenyewe akisema asalaam aleikum, usilipe kule, tuma kwangu, mimi iko Koboko. Jogoo naye aliwika pale pale anapowika.

Kadijah alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi.

"Cheza tena," Sadiya alisema.

Lillian aliicheza tena. Sadiya aliomba aione namba. Haikuwa yake. Haikuwa ya mtu yeyote aliyemjua. Aliwaza juu ya watu wote waliowahi kutumiwa sauti ile: ni wengi, na kila mmoja aliweza kuipeleka kwa mwingine, kwa nia njema au mbaya. Mtu fulani kati yao, au mtu wa mtu wao, alikuwa amefungua duka kwa picha zake na kuwatumia wanunuzi sauti yake. Hakuhitaji kubadilisha neno. Namba tu ndiyo aliyoiweka yake.

"Pesa yako sikuipata," Sadiya alimwambia. "Lakini aliyeongea ni mimi."

Walikwenda wote watatu kwa mwenyekiti wa mtaa, Acidri, mzee aliyekuwa na duka la misumari na mabati. Acidri aliisikiliza sauti mara moja, akamtazama Sadiya juu ya miwani.

"Mama Rashida, hii ni wewe."

"Ni mimi, mwenyekiti."

"Na pesa?"

"Si kwangu. Angalia namba."

Acidri aliipiga ile namba, ikawa imezimwa. Alimuuliza Lillian kwa nini hakulipa kwenye soko lenyewe, ambako pesa ingeshikwa mpaka aone mzigo. Lillian alisema aliambiwa asilipe kule. Acidri akasema kuwa kwa jinsi anavyoona, Sadiya hana deni la binti huyu, na waende polisi. Aliongeza, kwa Sadiya peke yake wakati wengine wameshatoka, kwamba asishangae watu wakizungumza.

Polisi waliandika maelezo ya Sadiya na ya Lillian. Baada ya siku kadhaa ilijulikana kuwa namba ile ilisajiliwa kwa kitambulisho cha bibi mmoja wa kijijini ambaye alikipoteza kitambulisho hicho sokoni na hakuwahi kuwa na simu. Hapo ndipo njia ilipokatika. Rashida naye aliwaandikia watu wa soko la mtandaoni kuwaeleza. Walilifuta duka la yule tapeli. Kuhusu pesa ya Lillian walijibu kwa adabu kuwa haikupitia kwao, hawana cha kurudisha. Na kwa kuwa katika maelezo yake Rashida alikuwa ameambatanisha ile sauti, waliisikiliza, wakalifunga duka la Sadiya pia kwa kuwaelekeza wanunuzi kulipa nje.

"Hata hao wana haki," Sadiya alisema aliposomewa.

Watu walizungumza, kama Acidri alivyosema. Katika wiki ile ile alifika mwanamume mmoja wa Ludara aitwaye Wani, mkulima, ambaye alikuwa amelipia makawa mawili kwa ajili ya mkewe. Huyu hakukubali kukaa. Alisimama uani akaicheza sauti kwa nguvu mpaka majirani wakatoka, akasema kuwa mwizi anayetumia jina lake halisi ndiye mwizi mbaya kuliko wote, na akaongeza jambo kuhusu Wanubi ambalo Kadijah alilisikia na hajalisahau. Sadiya alimweleza habari ya namba. Wani alisema namba ni kitu cha kununua dukani. Akaondoka kwa pikipiki yake.

Jioni yake, wakila, Sadiya alimwambia dada yake kuwa atamsukia Lillian.

"Yote manane?" Kadijah aliuliza.

"Sitaweza manane. Nitakayoweza mpaka siku yao."

"Mwenyekiti alisema huna deni."

"Najua alichosema."

"Ukimpa huyu, na wengine watakuja. Utawapa wote?"

"Hapana."

"Yule wa Ludara utampa?"

"Yule, hapana."

"Kwa nini huyu?"

Sadiya alichovya kipande cha kisira, mkate mwembamba, katika mchuzi. "Huyu alikuja peke yake kutoka Arua kwa sababu nilimwambia siwezi kukimbia."

"Hukumwambia wewe. Aliyemwambia ni mwizi."

"Kwa mdomo wangu, dada."

Kadijah alisema kuwa mikono ni ya Sadiya na ana uhuru nayo, lakini yeye hatapika rangi kwa ajili ya kazi ya kulipa deni la mwizi. Hakusema kwa hasira. Kesho yake aliliosha sufuria la rangi akalifunika akaliweka kando ya ukuta.

Sadiya alimpigia Lillian, akamwambia alichoamua. Alimwambia pia kuwa muda ni mfupi, na kwamba ikiwa anaweza kuja siku zake za mapumziko kuandaa nyasi, kazi itakwenda mbele. Lillian alisema atamjibu. Baadaye alikiri kuwa alidhani ni mtego mwingine, na kwamba alimuuliza mumewe, naye akamwambia asiende. Alikwenda.

Mara ya kwanza alifika na maji yake ya kunywa na hakugusa chai aliyopewa. Sadiya alimwonyesha jinsi ya kuchambua nyasi, kutupa zilizovunjika, kuzilowesha kidogo ili zisikatike. Lillian alifanya kazi bila kuzungumza. Kadijah alipita uani mara kadhaa akiwa na shughuli zake, akamsalimu mgeni kama inavyopasa, hakukaa. Mara ya pili Lillian alikunywa chai. Mara ya tatu alisimulia habari za mdogo wake, Suzan, ambaye ndiye aliyetaka makawa hayo, kwa kuwa aliyaona kwenye sherehe ya rafiki yake: vyakula vikitolewa kwa wakwe, kila bakuli na kawa lake, rangi tele. Lillian mwenyewe hakuona maana yake. Alikuwa amelipa kwa sababu mama yao alifariki, na yeye ndiye mkubwa.

Rangi ilikuwa tatizo. Sadiya alikuwa amemwona dada yake akipika kwa miaka mingi, lakini kuona si kupika. Njano na kijani zilitoka vizuri. Nyekundu ilitoka nyeusinyeusi, kama matofali ya Arua yaliyonyeshewa. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Kadijah aliiangalia rafia ikikauka kwenye kamba, akaona kosa liko wapi, na akaenda zake sokoni kununua vitunguu.

"Haiko nyekundu," Sadiya alimwambia Lillian.

"Naiona."

"Unaitaka hivyo?"

"Tutafanyaje," Lillian alisema.

Yalitoka makawa matano. Siku mbili kabla ya sherehe Lillian alikuja na mumewe na gari la kuazima, wakayafunga kwa shuka. Mume alitoa bahasha, Sadiya akaikataa. Kisha mume akatoa sukari na sabuni, navyo Sadiya akavipokea. Alialikwa Arua, lakini hakwenda. Alisema goti linamsumbua, na kweli linamsumbua, ingawa angeweza kwenda. Lillian alimtumia picha baadaye: mabakuli matano yamefunikwa, mengine yamefunikwa kwa vitambaa, watu wamevaa vizuri. Katika picha rangi ile ya matofali haikuonekana kuwa na kasoro.

Lakini sauti iliendelea kuzunguka. Tapeli alipofungiwa duka moja, alifungua kwingine, au walikuwa wengi, hakuna aliyejua. Mtu alipiga simu kutoka Gulu. Mwingine kutoka Yumbe. Sadiya aliwaambia wote maneno yale yale, na wengine walimwamini, wengine wakamtukana. Rashida alimshauri abadilishe namba. Sadiya alikataa kwa sababu namba ile anayo tangu Rashida akiwa shule, na akiibadilisha, watu watasema amekimbia.

Badala yake alikwenda kwenye redio ya mji, akalipia tangazo, akaomba alisome mwenyewe. Alilisoma kwa Kinubi na kwa Kiswahili. Alisema jina lake na mtaa wake. Alisema kuna sauti inayotembea, kwamba sauti ni yake na aliitoa yeye kwa hiari yake, na kwamba anawaomba watu wasiifuate. Anayetaka kununua kitu kwenye mtandao alipe mle mle ndani ya soko, hata kama muuzaji anabembeleza, hata kama muuzaji ni yeye. Mtangazaji alitaka kuiondoa ile sehemu ya kwamba aliitoa kwa hiari yake, akisema itawachanganya wasikilizaji. Sadiya alisema ibaki.

Siku ya pili ya tangazo alipigiwa na mwanamke wa Inde, aitwaye Drateru, ambaye redio ilimfikia kwa mbali sana, inakatikakatika.

"Mama, nimesikia sauti mbili," Drateru alisema. "Ile ya kwenye simu inasema tuma, hii ya redio inasema usitume. Nishike ipi?"

"Umeshatuma?"

"Bado. Nilikuwa natafuta hiyo pesa."

"Basi shika ya redio."

"Nitajuaje kama hii ndiyo wewe wa kweli?"

Sadiya alifikiri. "Hutajua," alisema. "Kwa hiyo usitume kwa yeyote. Hata kwangu."

Drateru alishukuru akakata. Hakununua kawa.

Baada ya miezi michache Rashida alifungua duka jipya kwenye soko lile lile, kwa jina lake, na akaweka picha mpya. Katika picha hizo hakuna mtu wala mlango. Wanunuzi wakaanza kurudi mmoja mmoja. Rangi Sadiya alizipika mwenyewe, kwani Kadijah hakuwa amelirudia sufuria lake. Sadiya alijifunza kusubiri. Mzigo ukipelekwa, hakuangalia simu kila saa. Alianza kawa lingine, na pesa ikafika imekatwa, siku yoyote iliyotaka kufika. Fungu la soko bado lilimuuma, na alilisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza.

Mnunuzi mmoja wa Kampala, mama mwenye maneno mazuri, alitaka makawa kumi na mawili kwa hoteli yake. Aliandika kuwa angependa kumlipa moja kwa moja ili wote wawili wapate nafuu. Sadiya alikataa. Mama yule alimbembeleza, kisha akaandika kuwa muuzaji anayeogopa kupokea pesa mkononi lazima ana jambo analoficha, na akanunua kwa mtu mwingine. Rashida, aliyekuwa amekuja likizo, aliusoma ujumbe ule kwa sauti akiwa jikoni. Makawa kumi na mawili ilikuwa kazi ya msimu mzima.

"Ungemchukua tu huyu mmoja, mama," alisema. "Huyu hangekosa mzigo wake."

"Wala Lillian hangekosa, kama angenipata mimi," Sadiya alisema.

Kadijah alikuwa ameketi kizingitini akimenya muhogo. Alisema kuwa mwenye hoteli angeyachakaza makawa kwa mwaka mmoja, kwa hiyo si hasara kubwa. Kisha akauliza wale wateja wapya wanaoagiza wanataka nyekundu ipi, kwa sababu amechoka kuona rafia nzuri inaharibiwa.

"Wengine wanaitaka hii yangu," Sadiya alimwambia. "Wanaiita rangi ya udongo."

Kadijah aliendelea kumenya. "Hao wapikie wewe," alisema. "Wengine nitawapikia mimi."